Kutambua na Kuhukumu

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi jirani yangu hapa Pasua alinitumia mjukuu wake na chupa ya jemu. Mtoto akabisha hodi, akaniamkia, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekaririshwa ujumbe njiani: "Babu, bibi anasema utazame hivi vitu. Kama ni minyoo ya tumbo useme, maana anataka kumwaga mafuta ya taa kwenye tangi halafu amfukuze mpangaji."

Ndani ya chupa mlikuwa na maji yenye tope kidogo na viumbe sita au saba, vyembamba kama uzi wa kushonea, urefu wao haufiki upana wa kidole gumba, vyekundu kama damu. Vilikuwa vikijikunja na kujikunjua, vikichora namba nane ndani ya maji.

Kabla sijaendelea nieleze kesi yenyewe ilivyokuwa. Jirani yangu ana tangi la saruji ambalo kifuniko chake kilipasuka siku nyingi. Ana wapangaji watatu, na mmoja wao, mama mwenye watoto wawili aliyehamia karibuni, huteka maji kwa ndoo aliyokuja nayo, ndoo ambayo mbeleni ilitumika shambani. Viumbe vyekundu vilipoonekana chini ya tangi shauri lilikatwa palepale: vimetoka kwenye ndoo ya mgeni. Ushahidi ulikuwa mwekundu na ulikuwa ukicheza mbele ya macho ya kila mtu. Aliyehukumiwa hakuulizwa neno. Mimi niliitwa kupiga muhuri tu.

Nilichukua lenzi yangu ya mkono, ambayo ninayo tangu nikiwa chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu wa sayansi alikuwa na sharti moja tulilolichukia: hukuruhusiwa kutaja jina la kiumbe chochote mpaka kwanza utaje alama tatu ulizoziona kwa macho yako mwenyewe. Ukisema "huyu ni nyuki" kabla ya alama, alikukalisha chini hata kama kweli ni nyuki. Nilikuwa kijana na niliona ni ukaidi wa wazee. Sasa ni mzee, nikamwaga maji ya chupa katika sahani nyeupe na kuanza kutafuta alama.

Ya kwanza ni kichwa. Mnyoo wa kweli hana kichwa cha kukitofautisha na mkia bila taabu, lakini hawa walikuwa nacho, kidogo, kigumu, cha rangi ya kahawia, kama kofia ya chuma ambayo askari haivui. Pembeni mwa kichwa palikuwa na madoa meusi ya macho. Ya pili ni miguu, kama tunaweza kuiita miguu. Chini ya kichwa kuna jozi ya vijiguu vifupi visivyo na maungio, vyenye vikulabu vidogo nchani, na mkiani kuna jozi nyingine kama hiyo. Katikati hapana kitu. Ya tatu ni mwili wenyewe. Una pingili kumi na mbili, na unene wake ni karibu mmoja toka mbele hata nyuma. Kwa hawa wa jirani yangu niliongeza alama ya nne: karibu na mkia walikuwa na vijirija vinne laini, vinavyoning'inia kama vidole vya glavu.

Mjukuu wa jirani alikuwa amesimama begani pangu. "Ni mbu, babu?" Nikamwonyesha pipa langu la mvua, ambalo kwa aibu yangu halikukosa viluwiluwi vya mbu siku hiyo. Kiluwiluwi cha mbu hakina mguu hata mmoja, na kifua chake kimetutumka kuwa kipana kuliko sehemu nyingine zote. Tena hakiwezi kukaa chini muda mrefu, sharti kije juu kuvuta hewa. Wale wa jamii ya Kuleksi hutoa bomba la mkiani na kuning'inia kichwa chini. Wale wa Anofelesi, waletao malaria, hawana bomba refu, hivyo hulala wamenyooka sambamba na uso wa maji. Hawa wekundu hawakuwa na haja ya kuja juu. Walikaa chini kwenye tope lao, wakipumua kwa ngozi.

Basi hawakuwa minyoo wala mbu. Walikuwa watoto, au mabuu, wa mdudu mdogo arukaye ambaye kwa umbo anafanana sana na mbu ila hana mdomo wa kufyonzea damu. Akikomaa huishi siku chache tu, aghalabu bila kula, akapandana, akataga mayai yake majini katika utando kama ute, akafa. Ukimwona ametua ukutani utaona amenyanyua miguu ya mbele, ilhali mbu mara nyingi hunyanyua ya nyuma. Wataalamu humwita kironomidi. Ni ukoo mkubwa ajabu, wenye zaidi ya spishi 5,000 zilizokwisha kuelezwa, na baadhi yao wanaishi hata Antaktika.

Hapo ndipo nilipokwama, kwa maana ilinibidi nimpelekee jirani jina, na jina sikuwa nalo. Kiswahili tunasema usubi, lakini usubi anauma, na anayeuma si huyu. Wenzetu wa Ziwa Viktoria huwaona wakipanda kutoka ziwani kama wingu la moshi, nao wanawaita tu wadudu wa ziwani. Kule Ziwa Nyasa kuna kungu, ambao watu huwakusanya na kuwafinyanga mikate, jambo ambalo Livingstone aliliandika katika karne ya 19. Lakini kungu naye ni binamu tu, buu lake ni angavu kama kioo. Kiumbe asiye na jina huazimwa jina la jirani yake, pamoja na makosa ya jirani huyo. Nilimwandikia mama yule kwenye karatasi: "Visubi wasiouma. Si minyoo ya tumbo. Mama wa wadudu hawa aliingia kwa kuruka kupitia ufa wa kifuniko akataga mayai. Ndoo haihusiki." Nikaongeza kwamba mafuta ya taa yangemziba pumzi kiluwiluwi cha mbu ambacho huja juu, lakini hawa wa chini wasingeyajali kwa njia hiyo, na watu wote wa nyumba ile wangekunywa mafuta mwezi mzima. Dawa ilikuwa kulimwaga tangi, kusugua tope la chini, na kutengeneza kifuniko.

Nadhani msomaji amekwisha kuona kwamba sikuyaandika haya kwa ajili ya tangi. Wekundu wa mabuu wale ulinikalia rohoni siku kadhaa, na sababu yake nitaisema, ingawa hainipi sifa.

Wekundu ule ni himoglobini, kitu kilekile kinachoifanya damu yetu kuwa nyekundu. Wadudu wengi hawana. Buu huyu anayo kwa sababu anaishi topeni ambako oksijeni ni haba, na himoglobini humsaidia kuinasa na kuiweka akiba kidogo. Anayemwona husema: mwekundu, mchafu, ametoka uchafuni. Kwamba ametoka mahali penye hewa haba ni kweli. Lakini wekundu si uchafu wake, ni namna yake ya kuvumilia mahali hapo. Isitoshe, wekundu peke yake haukutambulishi naye, kwani wapo minyoo halisi wa topeni ambao nao ni wekundu kwa sababu hiyohiyo, na wapo visubi wengi wa ukoo huuhuu ambao mabuu yao ni ya kijani, meupe au ya kahawia. Ndiyo maana mtaalamu hufika kwenye rangi mwisho, akianza na kichwa na vijiguu.

Mwaka 1993 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Darasa la saba palikuwa na mvulana wa miaka kumi na minne hivi, mrefu, mkimya, ambaye siku nyingi alikuja macho mekundu na kabla ya saa nne alikuwa amelala juu ya dawati. Miaka ile bangi ilikuwa hofu ya kila mwalimu. Tulikuwa tumeambiwa dalili zake mkutanoni, na dalili hizo nilizibandika ukutani ofisini kwangu. Nikaona macho, nikaona usingizi, nikaona jinsi alivyojitenga na wenzake. Alama tatu! Mkufunzi wangu asingenikalisha chini.

Nilimwita. Nikamwuliza mara moja tu, "Unavuta?" Akajibu, "Hapana, mwalimu," akitazama sakafu. Na kule kutazama sakafu nako nikakuhesabu kuwa alama ya nne. Leo najiuliza ni mtoto gani wa kwetu aliyefunzwa adabu nyumbani angemkodolea macho mwalimu mkuu. Nilimchapa viboko vinne, nikamwandika katika daftari la adhabu, neno "bangi" nikalipigia mstari, nikamsimamisha shule siku 21.

Siku ya kumi na kitu akaja bibi yake. Alikuwa ametembea kutoka upande wa Mabogini, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alikataa kiti. "Mwalimu," akasema, "mimi sikuja kugombana na wewe. Nimekuja kukueleza." Alikuwa amekodi kipande cha jaruba katika mpunga. Ule mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika 1987, ulileta mpunga na fedha, lakini watu wa juu nao wakalima mpunga, maji ya Mto Rau yakawa hayawatoshi wa chini, na zamu ya maji ya mtu mnyonge ikawa usiku. Asiyekaa macho kwenye zamu yake hufungiwa maji na jirani. Mvulana ndiye aliyekesha. Alfajiri alifukuza kwelea kwelea, na saa chache alizobakiza alizilala katika chumba kisicho na dirisha chenye kibatari kinachotoa moshi. Hayo ndiyo yalikuwa macho yake, na usingizi wake, na ukimya wake.

Nilimwambia bibi mtoto arudi kesho yake. Akasema, "Hayupo, mwalimu. Amekwenda Mererani na wenzake."

Msomaji wa huku anajua Mererani ya miaka ile. Watoto waliotambaa katika njia nyembamba za machimbo ya tanzanaiti waliitwa nyoka, na jina hilo halikuwa mzaha. Mvua kubwa za Aprili 1998 zilipofurika mashimoni na kuua wachimbaji wengi, nilikaa karibu na redio siku tatu. Mke wangu aliniuliza nina ndugu gani kule. Sikumjibu.

Kosa langu lilikuwa nini hasa? Nimelifikiri kwa miaka. Si kwamba nilihukumu kwa kutazama umbo. Mwalimu mwenye watoto mia sita, daktari mwenye foleni, hakimu, konda wa daladala, wote hufanya hivyo, na asiyefanya hawezi kazi. Wala si kwamba niliona vibaya, maana macho yalikuwa mekundu kweli. Nadhani lilikuwa hili: nilihesabu alama tatu kama mashahidi watatu, kumbe alikuwa shahidi mmoja aliyebadili kanzu mara tatu. Macho, usingizi na ukimya vilitoka chanzo kimoja, usiku wa jaruba. Anayetambua mabuu hutafuta alama ambazo hazitegemeani: kichwa hakiwi kigumu kwa sababu ya vijiguu, wala vijiguu haviko viwili viwili kwa sababu ya rangi. Zikikubaliana alama za namna hiyo una haki ya kusema jina. Mimi alama zangu zilikubaliana kama wanavyokubaliana watoto wa baba mmoja.

Najua bwana afya atanipinga, na hoja yake ina uzito. Malaria haingoji lenzi. Akikuta maji yaliyotuama yana viumbe vinavyocheza, humwaga dawa kwanza, na akiwaua visubi wasio na hatia pamoja na mbu nani atamlilia kisubi? Nami simlilii. Nimezika watoto wa shule kwa malaria, na siwezi kulinganisha. Mahali ambapo kosa la upande mmoja ni kifo cha mtoto, na la upande wa pili ni kifo cha mdudu, haraka ni haki. Lakini ndani ya ofisi yangu mizani haikuwa hivyo. Ningemwacha mvuta bangi mmoja asinzie wiki moja zaidi, nani angekufa? Haraka niliyokuwa nayo haikuwa ya kumwokoa mtu. Ilikuwa ya kuonekana kwamba shule ina mkuu.

Tena hata bwana afya mwenyewe umbo humwangusha. Mbu waletao malaria katika majaruba yetu ya Moshi Chini ni hasa Anofelesi arabiensi, ambaye kwa macho, hata kwa hadubini, huwezi kumtofautisha na nduguye Anofelesi gambie. Sharti uingie ndani kwenye urithi wa chembe zake. Nao si wamoja kwa tabia, kwani wa kwanza hupenda ng'ombe pia, wa pili zaidi ni mtu. Utafiti uliotolewa mwaka 2002 kuhusu eneo letu ulikuta vijiji vya mpunga vina mbu wengi kuliko vijiji vya nyanda kavu, na bado maambukizi ya malaria kwenye mpunga yalikuwa machache. Kila mtu, na mimi nikiwemo, angeapa kinyume chake. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini hawakuishi Pasua, ambako Kibo hujifunika mawingu karibu kila mchana na mahindi yetu yakaendelea kunyauka.

Kuna jambo jingine linalonihusu kama mtu aliyetoa alama maisha yake yote. Wapimaji wa mito huko Afrika Kusini wana utaratibu wa kuwapa alama wadudu wa majini, toka 1 hata 15, kwa kadiri wanavyohitaji maji safi. Ukijumlisha unajua hali ya mto bila maabara. Wataalamu wa Tanzania wameuandaa utaratibu kama huo kwa mito yetu. Ni jambo jema na la gharama ndogo. Katika ule wa Afrika Kusini, ukoo mzima wa kironomidi umepewa alama 2. Ukoo mzima! Humo wamo wekundu wa topeni, ambao labda wanastahili 2, na wamo wale wa jenasi ya Diamesa, ambao juu ya Mlima Kenya wanaishi katika vijito vya baridi kali vilivyo safi kuliko maji ya bomba langu. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Waliopanga hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mpimaji aliyesimama mtoni hana hadubini, na kuwatenganisha spishi kwa spishi kungemaliza siku. Wakachagua kosa dogo ili kazi kubwa ifanyike. Lakini alama hiyo ni ya mto. Anayempimia buu mwenyewe kwa alama ile amesoma jedwali vibaya. Nasi walimu tumelisoma vibaya mara ngapi? Tumeandika wastani wa darasa, wastani wa shule, wastani wa wilaya, halafu tukamtazama mtoto mmoja kana kwamba yeye ndiye wastani.

Na mtu akitaka kujua kwa hakika buu fulani ni wa spishi ipi, anafanyaje? Nilivyosoma, njia ziko mbili. Ya kwanza ni kumkata kichwa. Unakilaza chali juu ya kioo, unakifunika, unakitazama kwa hadubini, na chini ya kinywa unaona ubao mdogo wenye meno kama msumeno. Meno hayo huhesabiwa. Wale wekundu wa jenasi ya Kironomasi wana jino la kati lililogawanyika mara tatu na meno sita kila upande. Wengine hawana ubao kama huo, ila papasi wanazoweza kuzirudisha ndani ya kichwa, na hao ndio wanaowinda wenzao. Ni njia ya haraka, na mara nyingi hukufikisha kwenye jenasi, si kwenye spishi. Njia ya pili ni kumlea. Unamweka peke yake katika kichupa, na maji yake na tope lake, unangoja wiki chache. Atajivua ngozi, atakuwa bundo, atatoka mdudu kamili, nawe unaziweka ngozi alizoziacha pamoja na mdudu mwenyewe, na hapo unajua mtoto yupi amekuwa mtu mzima yupi. Majina mengi ya hakika yamepatikana kwa kulea, na haina njia ya mkato.

Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu.

Sikusudii kusema kukata vichwa hakuna faida. Kichwa cha buu ndicho kinachodumu. Mwili huoza, ile kofia ngumu hubaki topeni karne kwa karne, meno yake yakisomeka. Mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake walitoa habari ya kasoko iliyo pembeni ya Ziwa Naivasha, Kenya. Walichimbua tope la chini yake tabaka kwa tabaka, wakatazama mabaki ya visubi pamoja na miani midogo, na kwa kuwa spishi fulani huvumilia maji ya chumvi na nyingine hazivumilii, wakaweza kusema lini ziwa lilijaa na lini lilipungua kwa miaka 1,100. Walikuta vipindi vitatu vya ukame, 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840, vikali kuliko ukame wowote wa karne ya 20, na vikalingana na masimulizi ya wazee juu ya njaa na watu kuhama. Hapo hakuna aliyemwuliza buu amefanya nini. Waliuliza alikaa katika maji gani. Alama zilezile, meno yaleyale, ila aliyekuwa mshitakiwa kwenye tangi la jirani yangu, Naivasha alikuwa shahidi.

Macho ya yule mvulana yangeweza kunieleza habari za zamu za maji, za kibatari, za bibi aliyekodi jaruba. Nilikuwa na ofisi, nilikuwa na kamati ya shule, ningeweza hata kumtafutia bibi yule zamu ya mchana. Shahidi alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, nami nikamchapa.

Nilimwona mara moja tena, mwaka 2004, stendi ya mabasi ya Moshi. Ni yeye aliyenitambua. Sijui kwa alama gani, maana nilikuwa nimenyauka na mvi zimenijaa. "Shikamoo, mwalimu," akasema, akaupokea mfuko wangu kabla sijaitikia. Alikuwa mtu mzima, mpana wa mabega, ana kovu refu mkononi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu miaka kumi na moja. Nikamwuliza habari za bibi. Akasema bibi alifariki. Nikampa pole. Akasema anapeleka mahindi Arusha, biashara si mbaya. Basi lake likapiga honi, akanirudishia mfuko, nikabaki nimesimama na maneno yangu. Nilikwenda baadaye kwenye ile shule kuomba daftari la adhabu la 1993, nilifute lile neno kwa mkono uleule ulioliandika. Mchwa walikuwa wamekwisha kulila. Kijana aliyekuwa ofisini alidhani nitafurahi.

Kwa jirani yangu mambo yalikwisha salama. Tangi lilisuguliwa, fundi akatengeneza kifuniko cha mbao na bati, mpangaji bado yupo na ndoo yake. Sidhani alipata kujua kwamba alihukumiwa. Wiki iliyopita mjukuu alikuja tena na chupa. Safari hii hakungoja niseme. Alinitajia yeye mwenyewe, akinyosha vidole: hakina miguu, kifua kipana, kinaning'inia kichwa chini. Mbu, na walikuwa wengi, wametoka kwenye tairi bovu nyuma ya choo. Tukaimwaga chupa juani, tukaenda kulitoboa lile tairi.